Bakuli Mapajani

Kazi yangu ilikuwa kukaa.
Nyuma, kwenye benchi la mvule, magoti nimeyabana,
bakuli la udongo mapajani, maji hadi ukingoni,
kutoka dukani kwa Karsan, Lindi, mpaka Mtama.
Nikifika, Mzee Nampoto huchovya kidole,
hupima kilichobaki, hasemi.
Siku ya kwanza kidole kiligusa udongo mtupu.
Kaptula yangu ndiyo iliyokunywa.

Gari lile lilishushwa melini vipande vipande, ndani ya makasha.
Bodi la mbao na bati likaketishwa juu ya fremu,
kavu juu ya kavu, nati kwa nati,
na kila jiwe la Mingoyo likilipiga teke
linaamka lote: mlango, taa, kioo, meno yangu.
Mayai mia yalitoka, yakafika kumi na manane.
Saa ya ukutani ya padri wa Ndanda
ilifika inasema saa zote kwa pamoja.
Karsan akaita wahunzi wawili. Wakakaza nati.
Kelele zikapanda.

Ndipo akaitwa Nampoto, asiyejua injini inakula nini.
Mchonga ngoma huyu, wa Kitangari,
mtu wa kuwamba na kupasha ngozi motoni,
wa kubandika donge la nta katikati ya uso wa ngoma
ili sauti ishuke, ikae kifuani.
Alilizunguka gari, akaligonga kwa kifundo cha kidole,
hapa, na hapa, sikio kwenye bati,
kama anayechagua nazi.
"Mmelikaza mno," akasema.
"Ngoma iliyokazwa mno haisikii. Inajibu tu."

Tukafungua.
Akakata mpira wa mwitu, mweusi, mgumu,
uliosahauliwa ghalani tangu enzi ya Wajerumani,
akaupachika kati ya bodi na fremu, kipande kila bolti.
Majani ya springi akayapaka mafuta ya ng'ombe
mpaka mbwa wa mtaa mzima wakahamia uvunguni.
Safari ya tatu, nusu bakuli.
Ya tano akazidisha mpira, na gari
likaanza kwenda kama bwana harusi aliyelewa.
Nilitapika kabla ya daraja.
"Tumeua mtetemo," akasema, "tumezaa myumbo."
Akacheka peke yake. Akapunguza.
Akafunga mikanda ya ngozi ya nyati, fremu hadi ekseli,
imelegea kidogo,
ishike pale tu gari linapotaka kuruka.

Safari ya tisa nililala usingizi.
Aliniamsha kidole chake kimelowa hadi pingili ya pili.

Karsan alilipa shilingi nane na doti ya kanga.
Gari likaondoka na ufuta wake, kimya,
kimya hata mbuzi wa Mama Nantende hakusikia.
Nampoto alisimama barabarani, mikono nyuma.
"Nyingi nimezisemesha," alisema.
"Hii ndiyo nimeinyamazisha."
Sikujua kama alikuwa anajisifu.

Sasa chai inanirukia mkononi.
Somoe, binti yangu, amezoea kunijazia nusu kikombe,
nami najifanya sioni.
Usiku, wakilala wote, naligonga goti kwa kifundo,
hapa, na hapa,
natega sikio.
Kuna nati mahali fulani
iliyokazwa mno.