Makubadhi ya Mbarak

Wiki ile walipovunja kwa Bi Ghaniya, nyumba ya tatu kutoka kwangu,
wakabeba dhahabu ya mkwewe na mashine ya kusagia kahawa,
Yaarub alinijia na fundi, na ngazi, na maboksi.
Akatoboa kuta. Akanipachikia macho manne:
moja langoni, moja kwenye tangi la maji,
moja linalinda kiyoyozi,
la nne silijui linatazama nini.
"Shangazi, sasa utaona kila kitu kwenye simu."
Naona. Naona paka wa jirani.
Naona vumbi la Al-Khudh
likivuka ua kama mgeni asiyepiga hodi.

Mlinzi wangu mimi nilimweka mwenyewe, mwaka wa nne huu:
makubadhi ya marehemu, namba arubaini na tano,
kizingitini, ncha zikitazama nje.
Mwizi akichungulia aseme, humu mna dume.

Na si kuyaacha tu.
Kiatu kisichosogea ni kiatu cha maiti,
na hilo mwizi analijua.
Alfajiri nayageuza, mtu karudi msikitini.
Adhuhuri moja nalipandisha juu ya jenzake,
mtu kanusa wali, kavua kwa haraka.
Ijumaa nayapaka mafuta.
Mvua ikinyesha, mara mbili kwa mwaka,
nayalowesha kwa maji ya bomba,
maana atokaye mvuani hawi mkavu.

Siku moja nilijisikia nikisema,
"Mbarak, mara ngapi nikwambie, usiviache njiani!"
Nikasimama na ufagio mkononi.
Sikucheka.

Julai nikaenda Salala, msiba wa wifi yangu, siku tano.
Niliporudi, kufuli zima. Madirisha mazima.
Bangili zimo ndani ya pipa la mchele, nilipozizika.
Kizingitini patupu:
nyayo mbili za marumaru safi
katikati ya vumbi.

Yaarub akafungua simu, akarudisha nyuma.
Saa tisa usiku. Kijana, mwembamba, peku,
anarukaruka kama aliyekanyaga kikaango;
sementi ya Julai hata usiku haina huruma.
Anatazama makubadhi. Anatazama mlango.
Kisha, jamani, anagonga!
Anagonga, anangoja, midomo inasema kitu;
macho manne, wala sikio moja.
Akavaa. Yamempwaya kidogo.

"Twende polisi, Shangazi. Uso unaonekana."
Nikaandikishe nini?
Kwamba mlinzi wangu ameondoka na mgeni?

"Rudisha tena," nikamwambia.
"Si usoni. Chini. Hapo chini."
Miaka minne nayasogeza kwa mkono,
kushoto, kulia, kushoto.
Yale pale yanavuka ua yenyewe,
yanapita lango,
yanakata kona ya duka la Mmalabari.

Kisha nikaenda kutia komeo.