Meno Machache

Kadutu, juu kwenye ngazi za soko,
Mama Ntakwinja huuza mnyororo kwa mita, kama kitambaa.
Huu dola kumi na mbili, unang'aa.
Ule thelathini, una rangi ya sufuria ya zamani.

Sikuuliza jina la kiwanda.
Nilitoa tupa mfukoni, nikakwangua jino mojamoja:
wa kumi na mbili ulinyamaza, laini kama sabuni;
ule mwingine ulilia kidogo, kisha ukakubali.

Nimewahi kununua unaong'aa. Siku ya pili
ulirefuka kama deni la dukani,
na gogo la Bunyakiri, nene kuliko mlango wa kanisa,
likatoa moshi, likatoa unga wa fufu.
Cirhuza akazima mashine, akaniangalia tu.

"Basi chukua huu wa katikati. Ishirini."
Nikauhesabu kwa kidole: jino, pengo, pengo, jino.
"Mbona una mapengo kama baba yangu?"
Akacheka. "Gogo nene halitaki kinywa kilichojaa.
Vumbi litapitia wapi?
Tena meno machache, kunoa kidogo. Piga hesabu."

Nikapiga. Nikalipa kumi na nane, mbili zikabaki deni.

Leo ubao wa kwanza umefunguka, umelowa utomvu,
nyuzi zinaruka ndefu kama sombe iliyokatwa.
Cirhuza hajasema neno.
Amekalia gogo, tupa mkononi,
kila jino analipa mikwaruzo mitatu,
mitatu tu,
na mapengo anayapita bila kuyatazama
kama mimi ninavyopita Kadutu
kabla sijalipa zile mbili.