Chupa Yenye Picha ya Mlima

Mwanangu aliujua mlima kwanza kwenye chupa.
Kabla hajaweza kusema baba
aliiona ile karatasi ya buluu, kilele na theluji,
akasema: maji.
Kisha asubuhi moja, huku kwetu Rau, mawingu yakafunguka,
akanyoosha kidole juu ya migomba ya jirani,
juu ya bati la kanisa, juu ya kila kitu,
akauita mlima wenyewe: maji!
Tulicheka wiki nzima.
Nilimsimulia kila aliyeniletea baiskeli.

Jumamosi ile nilikuwa kipenuni nasafisha mnyororo.
Mafuta ya taa nilinunua nusu lita kwa mama Mkunde,
naye, kama kawaida yake, alisema njoo na chombo chako.
Nikaenda na chombo changu.
Sitasema nilisahau.
Niliiweka chupa chini, karibu na goti, kizibo hakijakaza,
kwa sababu mikono ilikuwa na grisi,
na kwa sababu, niseme nini tena,
niliiweka chini.

Niligeuka kutafuta spana namba kumi na tano.
Kugeuka tu.
Nikasikia kikohozi ambacho si cha mafua.

Ndekirwa amekaa juu ya ndara yangu,
chupa ameikumbatia kwa mikono miwili,
macho yamemtoka, shati limelowa,
na pumzi yake, Mungu wangu,
pumzi yake inanuka koroboi.

Majirani walifika kabla sijapiga kelele. Au nilipiga.
Mmoja: mpe maziwa!
Mwingine: mtie kidole atapike!
Aikaruwa wa nyumba ya tatu, anayesomea uuguzi,
alisimama katikati, mikono ameitandaza
kama mtu anayezuia ng'ombe wasiingie shambani.
"Asitapishwe! Yakirudi juu yataingia mapafuni.
Mvue shati. Mfute. Twende."
Aliyeshika kikombe cha maziwa akabaki nacho.

Njia ya kwenda Mawenzi siikumbuki.
Nakumbuka mgongo wa dereva wa bodaboda,
fulana ya duka la mbolea,
namba ya simu niliyoisoma mpaka nikaikariri.

"Kiasi gani?" aliuliza muuguzi.
Nikaonyesha kwa vidole,
na vidole vikawa havina uhakika, vinapanuka, vinabana.
"Chupa unayo?"
Niliitoa kwenye koti.
Akaigeuza, akauangalia mlima,
akaniangalia mimi.
Hakusema kitu. Bora angesema.

Wakambana kidoleni kitu chenye taa nyekundu.
Wakasema tukae saa sita, waangalie kifua.
Nilihesabu mbavu, kwamba zisije zikabonyea.
Hazikubonyea.
Nikaanza upya.

Simu ikaita. Mama yake, yuko sokoni Mbuyuni:
"Ndizi nimepata kwa bei nzuri. Mtoto amekula?"

Nilitafuta jibu kama nilivyotafuta ile spana.

"Uko wapi?"
"Mawenzi."

Alikuja na kapu, na kapu halikushuka mkononi mpaka usiku.
Hakunigombeza.
Alimnusa mtoto kichwani, mdomoni, shingoni,
kisha akaninusa na mimi.
Tulinuka sawasawa.

Saa nne usiku daktari akaondoa masikio yake kifuani kwa mtoto,
akasema kifua kinasikika vizuri.
Ndekirwa akaamka, midomo imekauka,
akatutazama mmoja mmoja, akasema lile neno lake.
Mama yake akafunika uso kwa kanga.
Muuguzi ndiye aliyemletea, kwenye kikombe cha bati.

Asubuhi Kibo ilikuwa wazi, haina hata kipande cha wingu.
Sikumbeba kumtoa nje.
Nilikaa kipenuni na ile chupa,
nikaubandua mlima kwa kucha, kipande kwa kipande,
gundi ikagoma.
Nikaandika SUMU, herufi kubwa, kwa wino usiofutika,
nikakumbuka kwamba hajui kusoma.

Nikainuka kutafuta msumari,
na pale juu, chini ya bati, ambapo hata mimi nanyoosha mkono,
nikaupiga.
Kutoka ndani alinisikia nagonga,
akaja anatambaa haraka, anacheka,
anataka kujua ni nini nimekitundika.