Chupa ya Paani

Kile chumba cha nyuma, mchana wake ulikuwa usiku.
Dirisha moja, nalo limetazamana na ukuta wa akina Asaa
umbali wa shibiri mbili;
hata upepo wa Shengejuu ukipita pale
hupita ubavuubavu.

Mama alishonea humo kofia zake za viua,
bafta magotini, uzi mdomoni,
na saa nne ya asubuhi keshawasha taa
ilhali nje mbuzi wanagombea kivuli.
"Kofia moja miezi miwili," akisema,
"na fungu la bei yake linaliwa na Tukuza,"
kile kisanduku cha ukutani
kinacholia uniti zikipungua
kama kifaranga aliyeachwa na mamaye.

Alhamisi moja akaja Faki, kijana wa jirani,
fundi wa kila kitu, na wa siku mojamoja:
mkasi wa bati, kopo la lami,
na chupa ya maji, ile ya lita moja na nusu,
karatasi yake keshaibandua.

"Ndiyo taa yenyewe hiyo?"
"Ndiyo, Bi Mize."
"Na masika?"
"Nitaziba."
"Babako naye aliziba.
Kafa, Mungu amrehemu, na mie bado nakinga sufuria."

Akapanda. Bati likapiga kelele juu yetu.
Kikaanguka kiduara, kikazunguka sakafuni,
kikachelewa kulala, kama sarafu inayofikiri.
Kwanza ulishuka mwale mmoja, mkali, mwembamba,
ukasimama katikati ya chumba kama mgeni
asiyejua avue viatu au asivue.

Kisha akaishindilia chupa tunduni,
nusu juani, nusu kwetu,
maji tele na kifuniko kimoja cha jiki
yasije yakaota ukijani.
Na yale maji yakalipokea jua,
yakaligawa kama mtu agawaye nyama ya akika:
kila pembe fungu lake,
hata ile ya nyuma ya kabati.

Mama hakusema asante.
Aliiinua kofia karibu na macho.
"Uzi huu kijani," akasema.
"Siku nane nashona, nadhani mweusi."
Tukacheka mpaka Faki akachungulia tunduni
kuuliza kimeharibika nini.

Tukaona na mengine. Vichuguu vya mchwa.
Utando wa buibui mpana kama chandarua.
Uso wake kiooni: akakigeuza kioo kidogo,
akaendelea.
Kisha ukuta wa kitandani,
na kalamu ya risasi, na mwandiko wa baba
unaolalia kushoto kama mti wa ufukweni:

*Makame, karafuu pishi 12. Bado.*
*Bi Time, pishi 7. Kalipa.*
*Mafuta ya taa, dukani. Nadaiwa mie.*

Na chini kabisa, herufi ndogo,
za mtu aliyeandika kwa kibatari kinachokata roho:

*Mize, dirisha. Mwakani.*

Miaka kumi na mmoja yumo kaburini.
Miaka kumi na mmoja tumelala chini ya ahadi hiyo
hatuioni.

"Makame naye keshakufa," mama akasema.
"Pishi zake tumsamehe."
La dirisha hakulitaja.
Akauvuta mkeka hadi chini ya chupa,
akaanza kuufumua uzi wa kijani, tundu kwa tundu.

Taa hii haiwekeshi akiba, lazima niseme kweli.
Wingu likipita, chumba kinanuna;
magharibi ikiingia, chupa inakuwa chupa,
na Tukuza inadai chake.
Masika yalipokuja tukakesha tukiisikiliza:
halikudondoka tone.
Pale pa babake Faki ndipo palipovuja,
na sufuria ikarudi kazini.

Mvua zilipokatika, Faki akapita na chupa nyengine.
"Nikutilie ya pili, Bi Mize?
Chumba kitakuwa kama uwanja wa Idi."

Hakunyanyua macho. Sindano iliingia, ikatoka.
"Moja yanitosha," akasema.
"Nilikuwa nadai dirisha moja tu."