Hafizi

Barua ilishuka kutoka ofisi kuu, Rusayl,
karatasi moja, muhuri wa buluu,
na katikati neno la Kiingereza
limekaa kama mgeni aliyefika kabla chakula hakijaiva:
insentivu.

"Zafarana," akasema Bwana Kurian, "wafafanulie wenzako."
Wenzangu, kwa kuwa bibi yangu alizaliwa Wete
na mimi hugombana na kuota kwa Kiswahili.

Niliwakuta kiwandani Barka, thelathini na wawili,
vidole vinanata asali ya tende,
feni inazungusha joto lile lile.

Nikasema: motisha.
Nyamvula akacheka. Hiyo tulipewa Kwale,
semina nzima, na soda, na kalamu isiyoandika.
Nikasema: kichocheo.
Kichocheo cha nini, dada, akauliza Kibwana,
na hapa nje nyuzi arubaini na sita?
Marupurupu? Ya wabunge.
Kifuta jasho? Kwanza waache litoke lote.
Neno chambo lilinifika ulimini.
Nikalimeza, na mwiba wake.

Basi nikakimbilia Kiarabu: hafizi.
Asili yake ni kumsukuma mtu mgongoni,
lakini hilo sikulisema.

"Hafidhi?" Nyamvula akainua kichwa. "Anakuja lini?"

Ndivyo alivyozaliwa.
Juni ikaisha: Hafidhi yuko njiani.
Julai: gari limemharibikia Sohar.
Masanduku mia tatu kwa zamu, kisha mia tatu na ishirini,
na Kibwana, mgongo ukiwa umemkatika, anasema
mwacheni, ameoa, hana haraka.
Walimwekea hata kiti, karibu na mizani.
Hakuna aliyekikalia.

Agosti akafika.
Riali nne na baisa mia tatu,
baada ya makato ya glovu.

Nyamvula alizituma zote usiku ule.
Wiki mbili baadaye akaniita nyuma ya stoo,
akanitegea simu sikioni. Sauti ya mtoto,
jogoo wa mtu anawika nyuma yake:
"Mama, mwambie mjomba Hafidhi ahsante kwa viatu.
Ila vinanibana."

Jioni Bwana Kurian alinisimamisha mlangoni,
kalamu mkononi, fomu yake tayari.
"Lile neno. Limeeleweka?"

Limeeleweka, nikamjibu.
Namba tu ndiyo ndogo.