Kovu la B

Mteja kafungua duka mwezi jana,
rangi ya mlango bado yanata,
naye anataka kibao kiseme: tupo tangu zamani.
"Nitafutie herufi za enzi hizo," kaniandikia,
"nene, zenye visigino, zilizochakaa kidogo.
Kidogo tu, Jagna. Zisitishe watu."

Basi nikanunua fonti, zloti tisini na tisa,
uzee wote umekunjwa ndani ya faili moja.
Nikaandika BABKA, jina la keki na la duka,
hudhurungi ya chai iliyokolea juu ya rangi ya maziwa.
Lo, ilipendeza! Hata mimi nilisikia harufu ya siagi.

Mpaka saa sita usiku, nikiikuza picha,
nikaona B ya kwanza ina ufa tumboni,
mwembamba, umepinda kama unywele kwenye sabuni.
Na B ya pili
ina ufa uleule, tumbo lilelile, pindo lilelile.
A nazo, pacha, zimemeguka guu moja la kulia.
Nani huzeeka hivi, kwa kunakili?

Jumamosi nikapanda tramu hadi kwa Bi Leokadia,
aliyepanga chapa miaka arobaini na mmoja
katika kiwanda cha mabango, ua wa nyuma, hapahapa Łódź.
Akavuta droo. Mti wa peasi, mweusi kwa wino,
B saba, kila moja na ajali yake:
hii iliangushwa siku ya mgomo,
hii panya,
hii ililala chini ya bomba bovu majira yote ya baridi,
hii hata yeye hajui.

Nikamwonyesha kazi yangu kwenye simu.
Akavaa miwani, akacheka hadi akakohoa.
"Nyufa hizi, mwanangu,
tulizijaza nta kila asubuhi,
tukazisugua kwa kidole gumba hadi zikalala sawa.
Msimamizi akiona mstari mweupe ndani ya herufi,
mshahara unakatwa.
Leo mnazinunua?"

Akanitilia mkononi kipande cha nta, kigumu kama jino.

Usiku ule nikaiziba B ya pili,
nukta kwa nukta. Ya kwanza nikaiacha na kovu lake.
Mteja kajibu alfajiri, kabla mikate haijatoka:
"Safi sana. Ila hiyo B ya pili,
mbona kama haijaishi?"

Nta iko kando ya kibodi.
Sijamjibu.