Ubao wa Bei

Basi la usiku hufika Arua saa kumi na moja alfajiri,
limevuka Pakwach na matope ya wilaya sita mgongoni,
na kabla mizigo haijashushwa
Onzima ameshamuuliza kondakta: sabuni huko ni ngapi?
Hivyo ndivyo tunavyopata habari za taifa.

Mimi kazi yangu ni chaki.
Nafuta bei ya jana kwa kiganja, naandika ya leo:
ufuta, muhogo mkavu, maharage ya njano,
na chini kabisa, kwa herufi ndogo, dola.

Mwezi wa tatu shilingi ilianguka.
Kampala, tuliambiwa, watu wananunua nusu mkate.
Tukajifunga kibwebwe, tukingoja njaa ishuke kwenye basi.
Wakashuka Wakongo,
kutoka Ariwara, kwa pikipiki, dola zimekunjwa ndani ya soksi.
Wakanunua magodoro, sukari, mabati, betri,
wakanunua hata kufuli la duka la Afeku;
siku tatu alifunga mlango kwa kamba.
Nilimwona Ayikoru muuza unga akihesabu noti mara mbili,
kisha akatazama kando,
kama mtu aliyeponyokwa na kicheko msibani.

Mwezi wa nane shilingi ikapata nguvu.
Mtu wa redio akaghani asilimia:
sita, alisema, na nukta fulani.
Nikaitafuta hiyo sita ghalani kwetu,
nyuma ya magunia, chini ya mizani.
Nilikuta risiti iliyotafunwa na panya.
Wakongo walibaki kwao. Barabara ya Juba ikanyamaza.
Ufuta ukalala, magunia mia nne,
na Ayikoru akaja kukopa nusu mche wa sabuni.

Nikamwambia Onzima: kumbe sisi ni watu wa kinyume,
wakilia tunauza, wakicheka tunafunga.
Akasema, usiharakishe kuifanya methali.
Umesahau mwaka wa dizeli?
Tulilia pamoja nao, tena sisi zaidi,
maana kila lita ilikuwa imesafiri karibu kilomita mia tano
ikinywa lita nyingine njiani.
Na karo ya mwanao, lini iliwahi kusoma ubao wako?

Sikuwa na jibu. Nilipangusa kiganja kwenye suruali.

Leo basi halijafika.
Wengine wanasema daraja, wengine wanasema mvua.
Ubao nimeshaufuta wote, mweusi tii,
na wanawake wamepanga beseni zao wakinitazama
kana kwamba nimewafichia kitu.
Andika ya jana, anasema Afeku.
Ya jana iko hapa, nasema, namwonyesha kiganja cheupe.

Saa mbili. Saa mbili na nusu.
Jua limeanza kuuma shingo.
Ayikoru anasimama, anakung'uta unga kwenye kanga,
ananyoosha kidole ubaoni:
Anza na muhogo.
Muhogo haukuja kwa basi.